Mzazi na Kiti cha Kamati ya Shule: Je, Yafaa Mtu Kuutaka Uongozi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kumpa mwanadamu akili na elimu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Yako mambo mengi ambayo watu huyaona madogo, na ndani yake mna swali kubwa la dini. Katika hayo ni jambo la mzazi anayesimama mbele ya wazazi wenziwe akaomba achaguliwe kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Jambo hili hutokea Chikongola, katika mji wa Mtwara, kama litokeavyo katika kila mtaa wa Tanzania Bara wenye shule ya msingi ya serikali. Ni mkutano wa saa moja au mbili. Majina hutajwa, wazazi huchagua, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli yake. Na kwa kuwa ni jambo la muda mchache, wengi hawalitii maanani. Lakini mtoto atakaa katika shule ile miaka mingi, na lililofanywa katika saa ile moja laweza kumfuata umri wake wote.

Na uchukuliwe mfano wa watu wawili wasio na majina, ambao mfano wao hupatikana katika kila mtaa. Wa kwanza ni seremala mwenye watoto watatu shuleni. Ajua ubao upi wafaa kwa dawati, na upi utaliwa na mchwa kabla ya mwaka kwisha. Akipewa fedha ya mtu ya kununulia mbao, hurudisha chenji pamoja na risiti. Wazee wa barazani wakamwambia baada ya sala ya Isha: "Fundi, mkutano wa wazazi ni Jumamosi. Simama wewe." Akawajibu: "Wazee wangu, Mtume amekataza mtu kuutaka ukubwa. Niacheni na randa yangu." Wazee wakanyamaza, kwani hadithi aliyoitaja ni ya kweli.

Wa pili ni mfanya biashara wa mchanga na saruji. Amesikia kwamba shule itajenga vyumba viwili vya madarasa. Yeye hakungoja kuambiwa na mtu. Akapita nyumba kwa nyumba, hapa akatoa kilo ya sukari, pale akatoa nauli, na kila mahali akaahidi. Siku ya mkutano akapata kura nyingi. Mwaka haukwisha, sakafu ya madarasa yale ikapasuka, na watoto wa seremala ni katika wanaokaa juu yake.

Basi hapa ndipo penye swali. Je, seremala yule amefanya ucha Mungu, au ameiacha faradhi akaiita ucha Mungu? Na kuutaka uongozi, je, ni dhambi yenyewe, au dhambi imo katika kitu kingine kinachofuatana nao?

*Kwa nini jambo la shule si jambo dogo*

Kabla ya kujibu, haina budi kukumbukwa jinsi Waislamu wa pwani ya kusini walivyofikia hapa walipo. Wamishonari wa Kiingereza walijenga kituo chao Masasi mwaka 1876. Wabenediktini wa Kidachi walikaa Lukuledi mwaka 1895, na kituo kile kilipoharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, wakajenga Ndanda mwaka 1906. Shule za kusoma na kuandika kwa herufi za Kirumi zikaenea bara pamoja na makanisa. Serikali ya Kidachi nayo ilifungua shule isiyokuwa ya dini huko Tanga mwaka 1892. Lakini watu wengi wa pwani, ambao tangu zamani walikuwa na vyuo vyao vya Kurani na walijua kuandika kwa herufi za Kiarabu, waliitazama shule ya Mzungu kwa khofu.

Khofu hiyo haikuwa ya bure. Mtoto aliyeingia shule ya misheni alifundishwa na dini ya wenye shule, na mzazi aliona kuwa ni afadhali mwanawe akose kazi ya karani kuliko akose imani. Lakini khofu ina tabia ya kudumu hata baada ya sababu yake kuondoka. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alilisema jambo hili waziwazi katika gazeti lake la Sahifa, lililoanza mwaka 1930, na katika Al-Islah mwaka 1932. Aliwalaumu Waislamu wa pwani kwa kulala huku wenzao wakisoma, na akawaonyesha kuwa dini haikuwakataza elimu bali iliwaamrisha. Na ushahidi wa hayo ni wa zamani kuliko magazeti yote. Baada ya vita vya Badri, katika mateka wa Makka walikuwamo wasio na mali ya kujikombolea lakini wajuao kuandika, Mtume (S.A.W.) akayafanya makombozi yao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Madina. Walimu wale walikuwa makafiri waliotoka kumpiga vita, na hakuona vibaya watoto wa Waislamu wapokee herufi kutoka kwao.

Leo hali ya shule si ile ya zamani. Baada ya uhuru, kwa sheria ya mwaka 1969, shule za misheni zilizokuwa zikipata msaada wa serikali ziliingizwa chini ya serikali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaweka kamati za shule. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, ukaondoa ada na ukaweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kamati zikapewa kazi ya kushiriki katika kupanga matumizi, kusimamia ujenzi, na kuwaeleza wazazi. Tangu Januari 2016 serikali ilianza kutoa elimu bila malipo, michango ya lazima ikazuiwa. Lakini sare, madaftari na chakula cha mtoto vikabaki juu ya mzazi.

Basi na ahesabu mwenye akili. Shule yenye watoto 1,000, kwa kipimo kile cha shilingi 10,000, ni milioni 10 kwa mwaka, mbali na fedha za ujenzi. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, lakini wajumbe wa upande wa wazazi ndio macho ya wazazi. Wao ndio wanaouliza kwa nini vyoo ni vichache, kwa nini uji umekoma, kwa nini darasa fulani limekuwa na watoto wengi watoro wakati wa kuokota korosho, na kwa nini binti aliyetoka unyagoni hakurudi tena shuleni. Mambo haya hayaonekani na mtu aliye ofisini Dodoma. Huonekana na mzazi anayekaa mtaa ule ule.

Yule asemaye kwamba kamati ya shule ni jambo la dunia, halimhusu mtu wa msikitini, na ajiulize: mali ya watoto, wakiwamo mayatima, ikipotea, itaulizwa duniani peke yake?

*Hoja ya wanaojiepusha*

Hoja ya seremala haifai kudharauliwa, kwani imesimama juu ya maneno sahihi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimwusia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani akipewa baada ya kuuomba ataachiwa mwenyewe pamoja nao, na akipewa bila ya kuuomba atasaidiwa. Imepokewa pia kwamba Abu Musa Al-Ashari aliingia kwa Mtume pamoja na watu wawili wa kabila lake, nao wakaomba wapewe kazi ya kutawala. Mtume akawajulisha kuwa kazi hiyo hapewi mwenye kuiomba wala mwenye kuipapia. Na Abu Dharri, pamoja na ukweli wake na zuhudi yake, alipoomba, aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu, na kuwa jambo hili ni amana, na siku ya Kiyama ni hizaya na majuto, ila kwa aliyeichukua kwa haki yake na akatimiza yaliyompasa ndani yake.

Hekima ya makatazo haya yajulikana na kila aliyewatazama watu. Mwenye kukipapia kiti huwa amekwisha kukinunua kabla ya kukikalia; naye aliyenunua kitu hutaka kurudisha gharama yake, na zaidi ya gharama. Tena mwenye pupa hujiona, na mwenye kujiona haombi shauri. Na asiyeomba shauri huanguka, akawaangusha na walio nyuma yake.

Hata hivyo na yatazamwe vizuri maneno aliyoambiwa Abu Dharri. Hakuambiwa kuwa uongozi ni haramu. Aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu kwa kazi ile, na kuwa ni majuto ila kwa aliyeichukua kwa haki yake. Basi neno "ila" hapa limefungua mlango, na haijuzu mtu kuufunga mlango uliofunguliwa na Mtume mwenyewe.

*Hoja ya wanaosimama*

Upande wa pili una hoja mbili zenye nguvu. Ya kwanza ni habari ya Nabii Yusuf (A.S.). Sura yake katika Kurani yasimulia kwamba alipotolewa gerezani na mfalme wa Misri akamwamini, Yusuf mwenyewe ndiye aliyeomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sifa mbili zake: kuwa ni mtunzaji na kuwa ni mjuzi. Na azingatie msomaji jinsi alivyoomba. Hakutaja nasaba yake, ilhali yeye ni mwana wa mitume. Hakutaja dhulma aliyofanyiwa, ilhali alifungwa bila kosa. Alitaja yale mawili tu ambayo kazi ile inayahitaji: utunzaji, ili mali isiibiwe; na ujuzi, ili mali isiharibiwe. Na njaa ya miaka saba ilikuwa yaja, naye ndiye aliyejua.

Akisema mtu: Yusuf alikuwa Mtume, na sheria yake ilikuwa kabla ya sheria hii, ajibiwe kwa hoja ya pili. Uthman bin Abil-As, katika wajumbe wa Thaqif waliokuja kutoka Taif, alimwomba Mtume (S.A.W.) amfanye imamu wa watu wake. Mtume akamkubalia, akamwambia kuwa yeye ni imamu wao, na amfuate aliye dhaifu kupita wote katika wao, na amchukue mwadhini asiyetaka ujira kwa adhana yake. Basi huyu aliomba akapewa, na wale wawili waliomba wakanyimwa. Mtume ni mmoja, na ombi kwa dhahiri yake ni moja. Lazima basi tofauti imo katika mwombaji, na katika kile anachokiomba.

*Jinsi wanazuoni walivyoyakusanya maneno haya*

Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake imesomwa misikitini pwani hii kwa vizazi vingi, alilieleza jambo hili katika mlango wa ukadhi. Maana ya maelezo yake ni kwamba kushika ukadhi ni faradhi ya kutoshana: wakiifanya baadhi, wengine wamesameheka, wasipoifanya wote, wote wamepata dhambi. Kisha akawagawanya watu. Ambaye hapana afaaye ila yeye, yampasa autafute. Ambaye yuko mwingine aliye bora kuliko yeye na yuko tayari, ni karaha kwake kuutafuta, na wako waliosema ni haramu. Na walio sawa, wako ambao ni bora kwao kuutafuta, kama mtu ambaye hajulikani naye atarajia elimu yake iwafae watu. Na asiyekuwa na haja kama hiyo, ni karaha kwake kuutafuta kwa kauli aliyoiona kuwa sahihi.

Kamati ya shule si ukadhi, lakini kiyasi ni chenye kufaa, kwani yote mawili ni amana ya watu isiyokuwa na budi ishikwe na mtu. Kwa hiyo jawabu ya swali haiwezi kuwa "ndiyo" kwa watu wote wala "hapana" kwa watu wote. Jambo moja kwa seremala laweza kuwa wajibu, na kwa mfanya biashara likawa haramu, katika mkutano ule ule, chini ya paa lile lile.

Na Imamu Ghazali, alipotaja maradhi ya kupenda jaha katika Ihya, alipita njia iliyo karibu na hii. Aliona kuwa aliye dhaifu wa nafsi akae mbali na uongozi kwani utamwangamiza, na aliye na nguvu katika dini yake asiukatae. Hivyo seremala alipokuwa akijibu wazee, haikumtosha kuijua hadithi. Ilimpasa kwanza ajijue yeye ni nani katika hadithi ile: ni Abu Dharri, au ni Uthman bin Abil-As?

*Mtu atajijuaje?*

Hapa pana ugumu wa kweli. Nafsi ni yenye hila. Mpenda ukubwa hujiona kuwa ni mtu wa maslaha ya umma, na mvivu hujiona kuwa ni mnyenyekevu. Wote wawili waweza kuleta aya na hadithi. Wa kwanza atamtaja Yusuf, na wa pili atamtaja Abdurrahman bin Samura. Lakini iko mizani mitatu ya kumsaidia mwenye kutaka haki.

Mzani wa kwanza ni kuuliza wengine. Mtu asijitoshee kwa fikira yake katika kujitathmini, bali na awaendee watu wawili au watatu wasiomkhofu wala wasiomtegemea, awaulize kama yeye afaa. Wakimwita wao kabla hajawaendea, kama wazee walivyomwita seremala, hiyo ni dalili ya nguvu zaidi. Kwani aliyeitwa na watu wema hakuupapia uongozi, bali uongozi umemjia. Seremala alisahau hili. Aliitumia hadithi ya mwenye kuomba, ilhali yeye hakuomba, aliombwa.

Mzani wa pili ni kujiuliza: akitokea mwingine aliye bora, je, moyo utafurahi au utakunjana? Aitakaye kazi hufurahi akiona kazi imepata mtu. Akitakaye kiti huona amenyang'anywa.

Mzani wa tatu ni kujiuliza: nikishindwa, je, nitaendelea kuyatengeneza madawati? Ambaye hajapata kuingia shuleni hata siku moja kumtazama mwalimu wa mwanawe, kisha wiki ya uchaguzi akaonekana huko kila siku, jawabu yake yajulikana kabla hajaulizwa. Na ambaye amekwisha kuifanya kazi bila ya kiti, kiti kitamwongezea nguvu tu.

*Mapenzi ya mtoto, je, yaharibu nia?*

Huenda mtu akasema: mzazi husimama kwa sababu ya mwanawe, basi nia yake si safi, anatafuta faida ya nyumba yake. Jawabu ni kwamba mapenzi ya mtoto hayakuwekwa katika moyo ili yawe aibu. Baba ambaye hajali kama mwanawe asoma au hasomi, hatajali mwana wa jirani. Mapenzi yale ndiyo yanayomwamsha, ndiyo yanayomfanya ajue kuwa maji ya shule yamekatika.

Ila mapenzi yale ni mwanzo wa safari, wala si mwisho wake. Hapa ndipo lifaapo neno aliloambiwa Uthman bin Abil-As, kumfuata aliye dhaifu kupita wote. Imamu akirefusha sala kwa kadiri ya nguvu zake mwenyewe, atamwacha mgonjwa nyuma. Kadhalika mjumbe wa kamati akipima shule kwa kadiri ya mwanawe mwenyewe, ambaye hunywa chai nyumbani na ana madaftari, atasema kuwa shule haina neno. Na aende akamtazame yatima anayelelewa na bibi yake, aliyekuja bila ya kula. Na amtazame mtoto asiyesikia vizuri ambaye amewekwa nyuma ya darasa. Na amtazame binti anayekosa siku kila mwezi kwa sababu choo hakina mlango wala maji. Hapa na akumbukwe mama pia, kwani naye ni mzazi na ana haki ya kusema na kuchaguliwa. Na mara nyingi habari ya binti yule haimfikii mwanamume ila kwa kuambiwa na mwanamke. Basi shule ikimfaa huyu aliye dhaifu, itamfaa na mwana wa mjumbe. Lakini ikimfaa mwana wa mjumbe tu, amana imepotea.

Wala mjumbe Mwislamu asidhani kuwa amechaguliwa kwa ajili ya watoto wa Waislamu peke yao. Katika darasa moja la Mtwara wamo watoto wa Waislamu na wa Wakristo, wa Kimakonde, wa Kimakua na wa Kiyao, wa wenyeji na wa wageni waliofuata kazi. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akihama Makka, alimwacha Ali (R.A.) nyuma ili arudishe amana za watu. Wenye amana zile walikuwa ni watu wa Makka, mji uliokuwa ukitaka kumwua. Ikiwa amana ya adui ilirudishwa katika hatari ile, basi ni udhuru gani alio nao mtu wa leo wa kupunja haki ya mtoto wa jirani kwa kuwa dini yake ni nyingine?

*Adabu ya kusimama, na adabu ya kukaa*

Aliyeona kuwa yampasa kusimama, na asimame kama Yusuf: aseme anachokijua na namna atakavyoitunza mali, kisha anyamaze. Asiwatukane wenziwe, asiahidi asiloliweza, wala asitoe kitu. Sukari inayogawiwa wiki ya uchaguzi haiwi sadaka kwa kuitwa sadaka. Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea, wala hakumtoa katika laana hiyo aliyeipokea kwa sababu ni kidogo.

Akichaguliwa, na akumbuke habari ya Ibn Al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akasema: hiki ni chenu, na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume akakasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa katika nyumba ya baba yake au ya mama yake akaona kama zawadi itamjia. Hiki ni kipimo kisichokosea. Mwenye duka akimletea mjumbe mfuko wa mchele baada ya shule kununua saruji kwake, mjumbe na ajiulize kama mchele ule ungemjia lau asingalikuwa mjumbe. Na ambaye ana biashara ya vitu ambavyo shule itavinunua, ama aiache zabuni hiyo kwa wengine, ama akiache kiti.

Kisha na awape wazazi hesabu kabla hawajaidai. Abu Bakar Siddiq (R.A.), aliposhika ukhalifa, aliwaambia watu kuwa yeye amewekwa juu yao na si mbora wao; akifanya vyema wamsaidie, na akipotoka wamnyoshe. Ikiwa Khalifa wa kwanza alijiweka wazi hivyo, hapana sababu mjumbe wa kamati aone kuwa kuulizwa risiti ni kutukanwa.

Na wazazi wanaochagua nao wana amana yao. Kumchagua mtu ni kushuhudia kuwa afaa, na Kurani imewakataza mashahidi kuuficha ushahidi. Aliyeuza mkono wake kwa kilo ya sukari ametoa ushahidi wa uwongo. Na aliyekaa nyumbani siku ya mkutano kwa kuona kuwa "watachaguana wenyewe", kisha akalalamika barazani kuwa shule imeharibika, basi malalamiko yake na ayaanzie kwake. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa Kiyama ni lini, alijibu kuwa amana ikipotezwa, kingojwe, akaulizwa yapotezwaje, akajibu kuwa ni mambo kupewa wasiostahiki. Wala hayatolewi kwa wasiostahiki na watu waovu peke yao. Hutolewa pia na watu wema waliokuwa wamelala.

*Hukumu ya seremala*

Basi yarejewe yaliyoanzwa nayo. Mfanya biashara yule alitenda dhambi, na hilo ni wazi. Seremala hakula mali ya mtu, wala hakusema uwongo, na khofu yake ya Mwenyezi Mungu ilikuwa ya kweli. Ila aliikhofu hizaya ya kuchukua amana na akasahau kuwa iko hizaya ya kuiacha amana ianguke mbele ya macho ya mtu mwenye mikono ya kuidaka. Alidhani kuwa mbele yake mlikuwa na njia mbili, uongozi na usalama. Kumbe alipokataa, hakuwa salama. Watoto wake wamo juu ya sakafu ile iliyopasuka, na wa wenziwe pia.

Lau angalisema kwamba yuko mwingine aliye bora kuliko yeye, akamtaja kwa jina na akaenda naye mkutanoni, angalikuwa amefuata njia ya wanazuoni. Lau angalisema kuwa nafsi yake hupenda sifa na akiwa na cheo hubadilika, angalikuwa na udhuru wa Abu Dharri. Lakini alisema aachwe na randa yake, na randa ile ile ndiyo iliyokuwa ikihitajiwa na shule.

Mkutano mwingine utakuja, kwani kamati huisha muda wake. Wazee na wamwendee tena. Naye kabla ya kuwajibu na aswali rakaa mbili za istikhara, amwombe Mola wake amwonyeshe lililo la kheri. Kisha, akiona moyo wake umetulia na watu wa kweli wanamtaka, na asimame bila ya pupa na bila ya kiburi. Akishinda, anao mzigo wa kuomba msaada kwa Mwenyezi Mungu kila siku. Akishindwa, njia ya shuleni haijafungwa, na madawati mabovu yangali yamngoja.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu viongozi wanaoziogopa amana, na wachaguzi wasioziuza. Awafungulie watoto wa pwani milango ya elimu yenye manufaa, katika dini yao na dunia yao. Amin.